Visima Saba vya Mwisenga

Mwaka ule wa sabini na nne watu wa Mkoa wa Tabora walikuwa wanahama. Waliozoea kukaa nyumba moja hapa na nyingine ng'ambo ya pori walitakiwa sasa wakae pamoja, kijiji kimoja, shule moja, zahanati moja. Kila mwenye cheo alikuwa na haraka. Na haraka ile yote, kabla haijafika porini ikawa vigingi na matrekta, ilipita kwanza juu ya meza ya Abbasi Mabruki.

Abbasi alikuwa msoma picha. Picha zenyewe zilipigwa na ndege wakati wa kiangazi, zikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam ndani ya masanduku ya bati. Yeye alichukua picha mbili za mahali pamoja, akaziweka chini ya stereoskopu, chombo cha vioo viwili na miguu minne, kisha akainamia. Basi hapo picha mbili zilizolala zinageuka nchi moja iliyosimama: kilima kinainuka, bonde linazama, paa la nyumba linakaribia kukugusa pua. Siku ya kwanza alipoiona ajabu hiyo, chuoni Dar es Salaam, alichungulia chini ya meza kutazama vilima vimetokea wapi. Wenzake walimcheka mwezi mzima.

Sasa hakuna aliyemcheka. Alikuwa mtoto wa mtaa wa Kanyenye, baba yake fundi wa kudarizi kofia, na macho yake makali alisema ameyarithi kwa baba. Cheti chake kilitundikwa ukutani. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya watakaopelekwa ng'ambo kusoma zaidi, na orodha hiyo ilikuwa karibu kuondoka. Kama alijiona kidogo, tumsamehe. Mwenye macho mazuri ana haki ya kuyapenda.

Meza ya pili katika chumba kile ilikuwa ya Mzee Luhende Bundala, mwenye jicho moja. La kushoto lilitobolewa na tawi la mgunga zamani, enzi za Mwingereza, alipokuwa akiwabebea wapima ardhi mnyororo wa kupimia porini. Stereoskopu inataka macho mawili. Kwa mwenye moja ni vioo tu na miguu. Ndiyo maana ofisi ilimpa kazi ya kuandika majina kwenye ramani, kwa hati yake nzuri, na kutunza masanduku. Alibakiza wiki tatu astaafu.

"Mzee, chombo hiki hakimtambui mwenye chongo," Abbasi alimtania siku moja, alipomkuta akikifuta vumbi kwa kitambaa.

"Ninyi watu wa kofia mna maneno," Mzee Luhende alijibu. "Chongo kwa Mnyamwezi, kwa Mswahili rehema ya Mungu. Basi nikopeshe hiyo rehema mpaka nistaafu." Wakacheka wote wawili. Mzee hakuwa mtu wa kununa.

Lakini alikuwa na lake. Ndani ya saraka aliweka msokoto wa karatasi, mrefu kuliko meza, na juu ya karatasi hiyo alikuwa akichora njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Miaka kumi na mitano aliichora, kila saa ya chakula, kwa kutazama picha za ndege moja moja, bila vioo, kwa jicho lake lile lile moja. Babu yake alikuwa mpagazi wa pembe. Alichokisikia kwa mama yake kuhusu safari za babu, alikitafuta kwenye picha, na kimoja kimoja akakipata: kivuko, magofu ya tembe, mahali pa soko. Vituo kumi na tisa alikwisha kuvichora kwa wino. Kimoja kilimshinda.

Mama yake alikisimulia hivi. Siku ya tatu kutoka Tabora msafara ulilala mahali palipozungukwa na handaki, walilolichimba wapagazi wenyewe kwa hofu ya kuvamiwa. Lilikuwa na milango miwili, mmoja wa mashariki na mmoja wa magharibi, kwa sababu wenye mizigo walikuwa na mwiko wao: mzigo hautoki kwa mlango ulioingilia, ukitoka hivyo safari imekufa. Hapo ndui iliwashika. Wapagazi wengi wakazikwa ndani ya handaki lile, na kaka yake babu akiwamo. Jina la mahali lilisahauliwa pamoja na waliolijua.

"Pori limekwisha kumeza hilo handaki, Mzee," Abbasi humwambia.

"Pori halimezi, mwanangu. Linafunika," Mzee hujibu, akaendelea na wino wake.

Sasa tuje kwenye Ijumaa yenyewe. Abbasi alikuwa amesoma jozi thelathini na tisa tangu asubuhi, na adhana ya Kanyenye ilikuwa inaita. Akasema amalize ya arobaini ndipo awahi msikiti. Jozi hiyo ilionyesha pori la Mwisenga, magharibi ya Usoke, ambako familia mia tatu zilikuwa zihamishiwe. Alipanga picha kama alivyozipanga asubuhi nzima, yenye namba ndogo kushoto, yenye namba kubwa kulia. Akainama. Aliona ardhi tambarare, tuta la duara lililokatika mahali pawili, na mashimo saba yenye mdomo mpana. Akaandika: majaruba ya zamani ya mpunga; visima vya zamani, saba; panafaa. Akatia sahihi, akavaa kofia, akaondoka.

Visima saba! Katika mkoa ambao mwanamke hutembea nusu siku kutafuta ndoo moja! Ndugu Ambrosi, afisa wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, alipoisoma taarifa hiyo aliipiga busu, au hivyo ndivyo karani wake alivyosimulia. Alikuwa mtu mnene wa suti ya kaunda, aliyewahi kusomea upadri Kipalapala akatoka kabla ya kuvaa kanzu, na bado alipenda kusoma mambo kwa sauti mbele ya watu. Akasoma visima vile kwenye mkutano wa mkoa. Watu wakapiga makofi. Ikaamuliwa hapo hapo: matrekta yaanze Mwisenga Jumatatu ya wiki ya pili, yasafishe duara lote la majaruba, nyumba zijengwe kuzunguka visima.

Alhamisi, siku nne kabla ya hiyo Jumatatu, picha zilirudi kwa Mzee Luhende aandike jina la kijiji. Abbasi alikuwa anakunywa chai. Alisikia kiti kikisogezwa. Alipogeuka alimwona Mzee amesimama dirishani, picha moja mkononi, anaigeuza taratibu mpaka vivuli vyake vyote vikamwangukia yeye.

"Abbasi," alisema, "hivi visima vyako saba, wewe uliviona?"

"Niliviona, Mzee. Vina midomo mipana."

"Njoo unionyeshe kisima chenye kivuli nje."

Abbasi akaenda. Mzee aliweka ncha ya kucha kwenye doa moja jeusi. "Ndege ilipita asubuhi, jua liko huku mashariki. Shimo huficha kivuli chake ndani. Hiki kimelala chini, kimenyooka kwenda magharibi, na kina shina. Vyote saba hivyo hivyo, tena kwa mstari. Visima gani hivyo, mwanangu? Hiyo ni miembe."

Abbasi alihisi masikio yake yanawaka.

"Na sasa tazama tuta lako. Tuta lingeng'aa upande unaotazama jua, kivuli kikaanguka ng'ambo. Hapa kivuli kiko upande wa jua na mwanga uko ng'ambo. Hapo pamebonyea. Siyo tuta." Mzee alilifuata kwa ncha ya kucha, polepole. "Ni duara. Limekatika mashariki, limekatika magharibi. Miembe haioti yenyewe katika pori la miyombo, Abbasi. Imeota kwenye kokwa zilizotupwa na watu waliokaa hapo wakala."

Abbasi alizichukua picha mbili, akatazama namba, ndipo alipoelewa. Ndege hupiga picha ikienda, halafu hugeuka na kupiga ikirudi. Asubuhi nzima ile alisoma mstari wa kwenda. Jozi ya arobaini ilikuwa ya mstari wa kurudi, ambamo namba ndogo hukaa kulia. Yeye alizigeuza. Na picha zikigeuzwa chini ya vioo, dunia nayo hugeuka: kilichoinuka kinazama, kilichozama kinainuka. Ndilo kosa la kwanza mwalimu alilowaonya chuoni, siku ile ile ya vilima chini ya meza.

Akazipanga upya, akainama. Handaki likashuka ardhini mbele yake, limekamilika, na miembe saba ikasimama.

Lilikuwa zuri mno. Aliona milango miwili. Ndani ya duara aliona vijumba vya wapagazi vilivyobaki alama za mviringo, na upande mmoja safu za vijilima vidogo vilivyosongamana, ambavyo hakuhitaji kuambiwa ni nini. Macho yake mawili na cheti chake vyote viliona majaruba hapa. Jicho moja la mzee aliyepewa kazi ya kuandika majina tu liliona kweli, kwenye karatasi iliyolala, kwa kufuata kivuli tu. Abbasi alimtazama Mzee Luhende na kumheshimu hata akaona haya kwamba alichelewa kiasi kile.

"Ndicho, Mzee," alisema. "Ndicho kituo chako."

Mzee aliketi. Alifuta jicho lake zima, na lile bovu pia.

"Jumatatu wanakilima," alisema.

Asubuhi ya Ijumaa walikuwa ofisini kwa Ndugu Ambrosi, wao wawili, na stereoskopu imefungwa ndani ya kanga ya mke wa Abbasi isiingie vumbi. Abbasi alieleza. Ndugu Ambrosi alisikiliza habari za wapagazi na makaburi huku akipekua mafaili.

"Ndugu zangu," alisema, "waliokufa tunawaheshimu. Ila mimi nina familia mia tatu zilizo hai na tarehe. Kaburi lisilo na jina siwezi kulisimamishia trekta."

"Basi lisimamishe kwa ajili ya maji," akasema Mzee Luhende. "Hapo hapana kisima hata kimoja."

Faili likaanguka. Abbasi alimwinamisha Ndugu Ambrosi kichwa kwenye vioo, karibu kwa nguvu. Alimpangia picha vibaya kwanza, afisa akaona mashimo. Akampangia sawasawa, na yale mashimo yakaruka juu yakawa miti. Afisa alirudi nyuma na kiti chake, akajishika kifua.

"Visima vile nimevisoma mimi mkutanoni!" alifoka. "Kwa kinywa changu hiki! Mnajua ningepeleka watoto wa watu mahali pasipo tone la maji? Nani alipanga picha hizi?"

Nje, mpiga chapa alikuwa anapiga chapa.

"Mimi," alisema Mzee Luhende.

Abbasi akamgeukia.

"Kupanga picha ni kazi ya mtunza masanduku," Mzee akaendelea, mtulivu kabisa. "Nilizigeuza. Si mnaliona jicho langu, Ndugu Ambrosi. Kijana alisoma alichowekewa."

Ndugu Ambrosi akalitazama lile jicho, akashusha pumzi, na hasira yake ikaanza kupungua. Ilikuwa rahisi mno kuamini. Wiki mbili zaidi mzee angekuwa nyumbani kwake, nani angemfanya nini? Na orodha ya ng'ambo ilikuwa juu ya meza ile ile, chini ya kidau cha wino, ikisubiri sahihi ya Jumatatu. Abbasi aliliona jina lake, limeandikwa la kwanza. Alihisi nafuu, nafuu tamu ya mtu aliyetupiwa kamba ndani ya maji. Kisha akajichukia kwa kuihisi. Alikumbuka lile neno lake la chongo, na jinsi Mzee alivyocheka.

"Mzee hasemi kweli," alisema. "Nilizipanga mimi. Nilikuwa na haraka ya sala, sikutazama namba za mstari. Sahihi ni yangu na kosa ni langu. Na aliyeliona ni yeye, kwa jicho hilo hilo."

"Mtoto mjinga wewe," Mzee Luhende alinong'ona, naye amekunja uso kwa upendo.

Ndugu Ambrosi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alipiga meza kofi moja kubwa, akasema mengi ambayo hayana haja ya kurudiwa, na mwisho akaivuta ile karatasi ya orodha. Alichukua kalamu, akakata jina la kwanza. Hakuna aliyemlaumu, hata Abbasi mwenyewe.

"Sasa niambieni maji yako wapi," alisema, "maana watu wanakuja wakitaka wasitake."

Mzee Luhende alikuwa amekwisha kuwa na jibu. "Msafara wa watu mia tano haulali pasipo maji. Waliochagua pale hawakuwa wapumbavu." Akaonyesha doa la kijivu kizito, kama hatua mia nne kusini ya handaki. "Kiangazi, nyasi zote zimekauka, hapa hazijakauka. Weka kijiji chako hapa, utuachie kituo."

Jumamosi walikwenda na Landrova. Ukisimama Mwisenga, huoni kitu. Nyasi tu, na miembe ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyejiuliza imetoka wapi. Handaki lenyewe lilifika gotini, unashuka na kupanda bila kukumbuka. Trekta la kwanza lilikuwa limefika kabla ya siku yake na limekwisha kuchana mfereji mmoja mrefu karibu na mlango wa mashariki, na ndani ya udongo mwekundu zilitoka shanga za buluu. Mzee aliziokota zote, kumi na moja, akazifunga kwenye leso.

Kwenye doa la kijivu walimkuta mwanamke wa kitongoji cha jirani, jina lake Siwema, mtu wa kabila la Mzee, na jembe lake begani.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu Mzee.

"Mwangaluka, mayu. Utusaidie, mama. Hapa pana maji?"

Siwema aliitazama suti ya kaunda, akaitazama na Landrova, kama mtu anayepima wageni hawa wana akili kiasi gani. "Ng'ombe wetu wanapalamba mpaka Oktoba," alisema. "Mngeuliza tu." Akaanza kuchimba mwenyewe. Kina cha mikono miwili, udongo ukaanza kujikusanyia maji chini, ya rangi ya chai, na Ndugu Ambrosi, mtu mzima na cheo chake, akapiga magoti na suti yake kuyagusa. Alicheka kama mtoto. Kisha akaamuru vigingi vyote ving'olewe na kusogezwa hatua mia nne kusini, kabla jua halijazama.

Jumapili nzima Abbasi na Mzee Luhende walilipima handaki kwa mnyororo. Mzee alishika mwisho wa mbele, kama zamani. Walihesabu vijilima vile vya makaburi: hamsini na nane. Kwenye ramani mpya ya kijiji cha Mwisenga, kaskazini ya nyumba, Mzee aliandika kwa hati yake nzuri: Kituo cha misafara. Pasilimwe. Ndugu Ambrosi aligonga muhuri bila kugombana.

Orodha ya ng'ambo iliondoka na jina la mtu mwingine. Abbasi aliumia, sitawadanganya kwamba hakuumia. Alimwambia mke wake tu, na mke wake akamwambia kwamba kanga ilirudi na vumbi.

Siku ya mwisho ya Mzee ofisini, alikunjua msokoto wake juu ya meza mbili zilizounganishwa na kuchora kwa wino kituo cha ishirini. Alipomaliza, alisafisha kalamu, akaketi kwenye kiti cha Abbasi, mbele ya stereoskopu aliyoifuta vumbi miaka yote hiyo.

"Picha zake zimo?" aliuliza.

"Zimo, Mzee. Zimepangwa sawasawa."

"Mimi nimelisoma handaki lile likiwa limelala. Nimelikanyaga, linanifika gotini. Ila sijaliona likisimama, na sitaliona." Akalifumba jicho lake zima. "Nieleze. Anza mlango wa mashariki."

Abbasi aliinama juu ya bega la Mzee mpaka macho yake yakafika kwenye vioo. Akamweleza. Mlango huu hapa, upana wa watu wawili na mizigo yao. Kushoto handaki linashuka, linapinda, linafuata miembe. Vijumba vya duara, kumi na vitatu. Makaburi upande wa kaskazini, yamepangwa kwa mistari minne, na ya mstari wa mwisho ni mafupi.

"Na kina?" Mzee aliuliza. "Kina chake, humo."

"Vioo hivi hukuza, Mzee. Si goti tena. Mtu akisimama ndani, linamfika kifuani."

"Kifuani kwako wewe."

"Kwangu."

"Babu alikuwa mfupi," alisema Mzee Luhende. "Basi yeye shingoni. Mama alisema shingoni." Machozi yalimtoka kwenye jicho lililofumbwa na lile lisiloona. "Vema. Sasa nitoe, mwanangu. Usinirudishe tulikoingilia."

Abbasi akasogeza picha kidogo kidogo, akamtoa kwa mlango wa magharibi.